Vichupa vya Kulinganisha

Kengele ya mwisho ikilia, wenzake waligeukia kulia nje ya lango la shule, kuelekea uwanjani na madukani. Yeye aligeuka kushoto, peke yake. Upande huo hakuna mtoto aliyekaa. Palikuwa na karakana ya magari, ghala la mbao, duka la kushona mapazia, na mwisho wa barabara, nyuma ya ukuta uliopakwa chokaa, ndipo ilipokuwa maabara alimofanya kazi mama yake.

Alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina alikuwa nalo, tena zuri, ila darasani hakuna aliyelitumia. Walihamia mji huo katikati ya mwaka, mama alipopata kazi, na siku ya kwanza mwalimu alisema, "Mpisheni mgeni akae." Basi akawa Mgeni. Mvua zikanyesha zikaisha, madaftari yakajaa, yeye bado Mgeni.

"Mgeni, sogea kidogo."

"Mgeni, umeangusha rula yako."

Waliomwita hivyo hawakuwa na ubaya. Shida ni kwamba baada ya hapo hawakuwa na la kuongeza, naye hakuongeza lake. Alikuwa mtoto wa kutouliza. Mwalimu akitamka neno asilolijua, alilipa maana yake mwenyewe kichwani akaendelea na kazi. Kuuliza kungefanya darasa zima ligeuke kumtazama, na kutazamwa na watu ambao hawakujui ni kazi nzito.

Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akirudi leo keshokutwa hayupo. Kwa hiyo mwanzoni Mgeni alikuwa akitoka shule anakwenda nyumbani na ufunguo umening'inia shingoni. Anafungua mlango, anaweka mkoba, anakunywa maji. Halafu basi. Friji inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Nyuma ya ukuta jirani anakohoa. Siku moja mama alirudi akamkuta ameketi nje kwenye ngazi, viatu miguuni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

"Umepoteza ufunguo?"

"Ninao."

"Sasa mbona uko nje, mama?"

"Ndani kuna kimya kingi."

Kesho yake mama alimwomba bosi wake ruhusa ya kuja na mtoto kazini baada ya masomo.

Bosi huyo kila mtu alimwita Daktari, lakini hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtaalamu wa mimea, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, mwenye tabia ya kuweka kalamu mdomoni halafu kuitafuta mezani. "Awe anakuja," alisema. "Ila asifungue kifuniko chochote. Hayo mengine tutaelewana."

Habari ilipofika darasani, ilimfikia kwanza yule aliyeitwa Redio. Huyo aliketi dawati moja na Mgeni, na jina lake alilipata kwa haki: hakuna aliyewahi kumpata akiwa amezimwa.

"Kwa hiyo karoti ikiumwa tumbo inapelekwa kwa mama yako?" aliuliza Redio.

"Mama yangu siye daktari. Yeye ndiye anayezipikia chakula."

"Karoti zinapikiwa chakula! Jamani, mimi mtu nimekuja shule sijanywa hata chai!"

Darasa likaangua kicheko. Mgeni naye alicheka, lakini alichelewa. Alipoanza, wenzake walikuwa wamemaliza.

Hata hivyo alilosema lilikuwa kweli. Kazi ya mama ilikuwa kupima sukari na chumvi za aina aina, kuzikoroga na unga wa kugandisha, kumimina kwenye vichupa, na kuvichemsha ndani ya jungu la mvuke lenye kifuniko cha skrubu mpaka kila kijidudu kife. Vikipoa, chakula kiliganda kama jeli. Hapo Daktari, akiwa amevaa glavu na kuziba mdomo kwa kitambaa, alichukua kijibonge kidogo cha seli za karoti ya zambarau na kukiweka juu ya jeli. Kifuniko kikafungwa. Huko ndani seli zikaanza kula na kuzaana. Hazikuota jani wala mzizi. Ziliota bonge tu, kama makombo ya mkate yaliyoshikamana.

Vichupa vilikaa kwenye chumba cha kukuzia. Ndicho chumba alichokipenda Mgeni. Kilikuwa na joto la kadiri, rafu za chuma kutoka sakafuni mpaka juu, na chini ya kila rafu taa ndefu nyeupe zilizowaka mchana kutwa. Kwenye kona palikuwa na meza ndogo yenye taa yake, na hapo alifanyia kazi za shule. Akimaliza, alipewa kitambaa chenye unyevu afute vumbi. Aliinua kichupa kimoja kimoja, akafuta chini yake, akakirudisha mahali pake. Ndani ya vichupa vya rafuni, mabonge yalikuwa yamegeuka zambarau, zambarau ya kweli, ile ya kulamba kidole.

Daktari alipenda kuongea akifanya kazi, hata kama hakuna aliyemuuliza.

"Seli ina mambo yake," alisema siku moja, akinyanyua kichupa kwenye mwanga. "Ukiishibisha kila kitu, inanenepa na kuzaana, basi. Rangi haihangaiki nayo, ya nini? Lakini ipunguzie chakula kile cha kunenepesha, iongezee sukari, iwashie taa, hapo inaanza kujitengenezea rangi. Joto nalo likizidi, rangi inakimbia."

"Kama mimi," alisema mama kutoka mlangoni, mikono imejaa povu. "Ninyime chai ya saa nne uone nitakavyobadilika rangi."

Rangi hiyo ilikuwa na kazi yake. Kulikuwa na kiwanda cha dawa za maji za watoto kilichotaka kuacha rangi za viwandani na kutumia inayotokana na mmea. Daktari alitaka kuwaonyesha njia iliyo bora ya kuipata: taa kiasi gani, sukari kiasi gani.

Lakini si vichupa vyote vilivyokaa kwenye mwanga. Nyuma ya mlango palikuwa na kabati la mbao lililotundikiwa pazia jeusi kwa ndani, na humo giza lilikuwa giza hasa. Vichupa vya humo vilipewa chakula kile kile na joto lile lile. Taa tu ndiyo viliyonyimwa. Mabonge yake yalikuwa yamepauka, rangi ya uji usio na maziwa. Mgeni alipokuwa akifuta vumbi la kabati, alivitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Vilikaa mstari mmoja, vimetulia, upande wa pili wa mbao wenzake wakiwa kwenye mwangaza. Havikuwa vimefanya kosa lolote.

Alasiri moja Daktari alikuwa akiondoka kwenda kwenye mkutano wa wataalamu wenzake katika mji mwingine, na kutoka huko apitie kwa mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa. Angekawia. Alisimama mlangoni, begi begani, mwavuli mkononi, kalamu mdomoni. Akaitoa kalamu.

"Dada, jungu la mvuke lisizidi moto. Taa za rafuni zisizimwe. Na vile vya kabatini ni vya kulinganisha, msije mkasahau."

"Nimekusikia, Daktari. Nenda, basi litakuacha."

Mama alielewa: vya kabatini viachwe gizani kama vilivyo. Lakini Mgeni, aliyekuwa ameinamia hesabu zake, aliinua kichwa. Kulinganisha! Neno hilo alilijua vizuri kuliko mengi. Kwao lilikuwa neno la kila asubuhi. "Linganisha mapazia, hilo moja limepanda." "Linganisha soksi zako, mama." "Linganisha viatu hapo mlangoni." Kulinganisha ni kuchukua viwili ambavyo haviko sawa na kuvifanya viwe sawa. Na kama kulikuwa na vitu visivyo sawa duniani, ni vichupa vya rafuni na vichupa vya kabatini.

Kesho yake alisubiri mama avilinganishe. Mama alikuwa chumba cha kuoshea, amezungukwa na lundo la vichupa vichafu, jungu la mvuke likipuliza pembeni. Keshokutwa vilevile. Mgeni akawaza, mama kazi zimemzidi, amesahau. Angeweza kutembea hatua chache akamuuliza. Hakuuliza. Alifungua kabati, akainua pazia, akavitoa vichupa kimoja kimoja na kuvipanga mezani pake, chini ya taa, kuzunguka daftari lake.

Tangu siku hiyo alasiri zilibadilika. Aliviita mahudhurio, akavijibia. Alivisomea insha yake ya safari, mpaka ile sehemu ambayo Redio angeicheka, na vyenyewe vikakaa kimya kwa heshima. Kimya hicho hakikuwa kama kile cha nyumbani. Aliposikia mama anazima jungu na kuvua aproni, alivirudisha kabatini kwa mpangilio ule ule, akashusha pazia, akafuta meza. Hakujificha. Alikuwa anaacha mahali pasafi kama alivyofundishwa. Mama naye aliviona kabatini kila alipochungulia, akaridhika.

Taratibu mabonge yakaanza kuona haya, kama shavu la mtoto aliyesifiwa. Kisha yakawa zambarau. Haikukolea kama ya rafuni, lakini ilikuwa zambarau.

Daktari aliporudi hakuweka hata begi chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafunua pazia, akawasha tochi. Halafu:

"Dada! Dada njoo! Acha hicho, njoo upesi!"

Mama alikuja mbio, kitambaa begani. Mgeni alisimama kando ya meza yake, mikono nyuma, moyo umemjaa. Maneno alishayaandaa: Nimevilinganisha mimi, Daktari.

"Angalia! Zimejipaka rangi gizani! Mwanga hazijauona hata wa dawa, halafu angalia!" Daktari alimshika mama mabega akamtikisa. "Unajua maana yake? Hatuhitaji taa! Huo umeme wote, hilo joto lote la taa, basi! Tunazikuza gizani!"

Mama akacheka, Daktari akacheka, kalamu ikaanguka.

"Daktari, mimi..." alianza Mgeni.

"Ee, binti, hata wewe umeshuhudia! Njoo, njoo uchukue biskuti, leo ni siku kubwa."

Akapokea biskuti. Hakujua bado kosa liko wapi. Alichojua ni kwamba Daktari alikuwa akifurahia kitu ambacho hakikutokea, na kwamba kati ya wote waliokuwamo chumbani ni yeye tu aliyelijua hilo. Aliushika ule ukimya pamoja na biskuti, akavitafuna vyote viwili. Upande wa pili Daktari alikuwa tayari kwenye simu na watu wa kiwanda: "Gizani! Ndiyo, umenisikia, gizani kabisa!"

Kosa lenyewe alilijua shuleni. Mwalimu wa sayansi alileta makopo mawili yenye udongo, akapanda maharage kwenye yote.

"Hili tunaliweka dirishani, hili tunalifungia kabatini. Hili la kabatini ni la kulinganisha. Nani ataniambia, kulinganisha ni nini?"

Mkono wa Redio ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Ni kutazama vitu viwili, mwalimu, uone vinatofautiana wapi. Kama mimi na pacha wangu. Mimi mzuri, yeye basi tu."

"Keti na uzuri wako. Lakini umepata. Sasa, mimi nikija kwa siri kila siku nikalitoa hili la kabatini nikalianika juani, nitakuwa nimefanyaje?"

"Utakuwa umejidanganya mwenyewe, mwalimu. Utalinganisha jua na jua."

Wenzake walicheka. Mgeni aliangalia mikono yake juu ya dawati. Mikono hiyo hiyo iliyovitoa vichupa.

"Mgeni, unaumwa?" Redio alinong'ona. Alitikisa kichwa.

Siku zilizofuata aliijaribu sentensi moja njiani, akipita karakana, akipita ghala la mbao. Daktari, ni mimi niliyevitoa. Kufika mlangoni mwa maabara ilikuwa imekwisha kinywani. Alijua kitakachotokea. Angeambiwa asikanyage tena pale. Ufunguo ungerudi shingoni. Friji ingenguruma na kunyamaza. Na mama je? Mama alikuwa anaimba siku hizo akiosha vichupa. "Daktari amesema nitazeekea hapa hapa," alimwambia wakirudi nyumbani. "Umesikia, mama? Hatuhami tena." Mgeni alisema amesikia. Alitembea nyuma kidogo ili uso wake usionekane.

Chumba cha kukuzia nacho hakikuwa kile tena. Mabonge ya kabatini alikuwa akiyaona yanamtazama, ingawa hayana macho. Hakuyatoa tena. Kila kilichokuwa kimemwondolea upweke kilikuwa sasa kimekaa upande mmoja, na yeye upande wa pili.

Alasiri moja alikuta ngazi imeegemezwa nje ya chumba kikubwa cha nyuma. Juu yake alisimama fundi rangi, kofia ya gazeti kichwani, ndoo imening'inizwa kwa kamba. Alikuwa anapaka vioo vya madirisha. Rangi nyeusi.

"Mama yangu," fundi alimwambia Daktari aliyekuwa ameshika ngazi kwa chini, "mimi nimepaka kuta, mapaa, hata jeneza nimewahi kupaka. Dirisha jeusi sijawahi kuombwa. Mnaficha nini humu ndani?"

"Tunaficha karoti!" alijibu Daktari, akacheka kicheko kirefu. "Wiki ijayo watu wa kiwanda wanaleta rafu. Chumba kizima kitakuwa giza."

Fundi alichovya brashi. Kioo cha tatu kikaanza kupotea.

"Siyo giza, Daktari," alisema Mgeni.

"Nini, binti?"

"Rangi. Haikutokana na giza." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imeshatoka na hakuna namna ya kuirudisha. "Mimi ndiye niliyevitoa vichupa kabatini. Nikaviweka chini ya taa yangu. Kisha nikavirudisha."

Brashi ilisimama. Mama alikuwa ametokea mlangoni na kichupa mkononi kinachuruzika maji.

"Ulifungua kifuniko?" Daktari aliuliza.

"Hapana."

"Ni mara moja?"

"Kila siku. Wakati ulipokuwa hupo."

"Mungu wangu," alisema mama, taratibu sana.

"Lakini kwa nini, mtoto?" Daktari alivua miwani. Bila miwani alionekana mchovu.

"Ulisema ni vya kulinganisha. Nikavilinganisha. Vikawa sawa na vya rafuni."

Kisha fundi rangi akakohoa kule juu. "Samahani kuingilia. Lakini hata mimi, mtu akiniambia nilinganishe kuta mbili, nazipaka zifanane."

Daktari alimtazama fundi, akamtazama mtoto. Kitu kama kicheko kilimpita usoni, kikaondoka. "Ni kweli. Neno langu lilikuwa na milango miwili, nikadhani sote tumeingilia mmoja." Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya Mgeni. "Hilo nimelielewa. Lakini tangu lini ulijua kwamba nilimaanisha kingine?"

"Tangu somo la maharage."

"Zimepita siku nyingi?"

"Nyingi."

"Na ukaniacha nikaita fundi."

Mgeni aliinamisha kichwa. "Ningerudishwa nyumbani."

"Nyumbani kuna nini kibaya?"

"Hakuna kitu, Daktari." Akachezea mkanda wa mkoba. "Hakuna kitu kabisa."

Mama aligeuza uso akatazama ukuta. Kichupa mkononi mwake kiliendelea kudondosha maji.

Daktari alisimama, magoti yakalia. Hakufoka. Alitoa simu mfukoni akabonyeza, naye Mgeni akasikia kila neno, kwa sababu Daktari hakusogea pembeni.

"Ni mimi. Lile nililokwambia la giza, si kweli. Hapana, si utani. Vichupa vyangu vya kabatini vilipata mwanga... Ndiyo. Nilipaswa kuchunguza kabla ya kukupigia. Niliona nilichotaka kuona, nikafurahi, nikaacha kuuliza... Najua mlishaagiza rafu. Naomba radhi. Tutarudia tangu mwanzo." Alisikiliza muda mrefu, masikio yamemwiva. "Nastahili hilo," alisema mwishoni, akakata simu. Hakuwa amemtaja mtoto hata mara moja.

"Fundi, shuka. Unaweza kuifuta?"

"Ikiwa bado mbichi, naifuta. Ila nitahitaji mkono mwingine."

"Upo," alisema Daktari.

Basi Mgeni alivaa aproni ya mama iliyomfika vifundoni, akashika tambara. Fundi alipitisha mafuta ya kulainisha, yeye akafuata na maji ya sabuni. Rangi ilimwingia kwenye kucha na kwenye nywele. "Angalia pembe hizo," fundi alisema. "Wewe ndiye umetaka mwanga, uulete wote." Walisugua mpaka kioo kikaonyesha ua wa nyuma tena, kamba ya nguo na pipa la maji.

Kabla hawajaondoka, Daktari aliwaita wote wawili, mama na mtoto.

"Chumba cha kukuzia hutaingia mpaka jaribio jipya liishe," alimwambia Mgeni. "Hiyo ni adhabu, sitaipaka sukari. Utakaa chumba cha kuoshea, kwenye kona ya meza ya mama yako. Hujafukuzwa urudi nyumbani. Na wewe, dada, kazi yako iko palepale. Mimi ndiye niliyetoa maagizo nikiwa na kalamu mdomoni."

Njiani mama hakuimba. Walipita duka la mapazia, wakapita ghala la mbao. Kwenye karakana alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu Mgeni alipoanza kujiona mkubwa.

"Umeniogopesha," alisema. "Lakini ungenificha mpaka mwisho, ningeogopa zaidi."

Chumba cha kuoshea kilikuwa na mvuke na kelele, madaftari yalilegea kwa unyevu. Mgeni alisuuza vichupa na kuvipindua kwenye waya vikauke. Mlango wa kioo wa chumba cha kukuzia aliuona kwa mbali, mwanga mweupe ndani yake, meza yake imebaki tupu.

Shuleni nako mambo hayakubadilika ghafla. Ila siku moja, katikati ya kusoma kwa zamu, alikutana na neno asilolijua. Alianza kulipa maana kichwani kama kawaida yake, akasita. Akamgeukia jirani yake.

"Redio, utomvu ni nini?"

Redio alimkodolea macho. "Kumbe huwa unauliza!" Kisha akakuna kichwa. "Utomvu... ni... ngoja. Mwalimu! Sisi hapa tunataka kujua utomvu ni nini!"

Darasa zima likageuka. Kutazamwa wakiwa wawili kulikuwa kwepesi kidogo. Kengele ilipolia, Redio aligeukia kulia na Mgeni akageukia kushoto, peke yake kama siku zote. Lakini kutoka ng'ambo ya barabara alisikia, "Kesho, Mgeni!" Akapunga mkono.

Jaribio jipya lilipoisha, Daktari alikuja mwenyewe chumba cha kuoshea. "Kausha mikono," alisema. "Nifuate."

Alifungua kabati, akainua pazia jeusi. Vichupa vilikuwa mstari mmoja. Ndani yake mabonge yalikuwa yamepauka, rangi ya uji usio na maziwa.

"Vimebaki vyeupe," alisema Mgeni. Huruma ya zamani ilimrudia kidogo.

"Vimebaki vyeupe, na watu wa kiwanda wamekubali tuendelee. Kwa sababu sasa nikiwaonyesha zambarau ya rafuni, naweza kuwaambia imetoka wapi. Bila hivi vyeupe nisingejua kama ni taa, au sukari, au bahati tu. Nadhani ulivionea huruma kwamba vimetengwa. Havikutengwa, binti. Vimewekwa kando kwa sababu ndivyo ninavyovitegemea." Akashusha pazia taratibu. "Kulikosea neno si dhambi. Mtu mzima hulikosea pia. Lakini usipolijua neno, uliza. Na ukishajua umekosea, sema siku hiyo hiyo, kwa sababu kila siku unayonyamaza kuna mtu anapanda ngazi na ndoo ya rangi. Hiki kichupa kina mdomo, lakini hakiwezi kuniambia kama kimeona mwanga. Wewe unaweza. Hata upweke wako uliweza kuusema. Ulipousema tu, tulikutafutia pa kukaa."

Mgeni aliangalia rafu, zambarau juu ya zambarau, kisha akaangalia kabati lililofungwa.

"Daktari, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kwa nini zikiona mwanga ndipo zinajipaka rangi? Zinaitaka ya nini?"

Daktari alitoa kalamu mdomoni. Alivuta kigoda kimoja kwa mguu, akavuta na cha pili, akaviweka karibu karibu chini ya taa.

"Wengine tunadhani ni kivuli," alisema, "kivuli ambacho seli inajishonea yenyewe. Lakini hilo ni swali refu. Keti."